Dakika Ishirini Mwalimu Akiwa Nje

Kazi yangu ya miaka miwili ilikuwa kupima heshima. Usicheke. Baba yangu, anayetengeneza na kuuza mikate ya samaki wa kupondwa pale sokoni Toyama, alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Unaipimia nini, Chizuru? Mizani au rula?"

"Karatasi, baba."

Akacheka upya. Wateja wawili nao wakacheka, na hata hawakujua wanacheka nini.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Profesa wangu wa saikolojia, Mwalimu Kuwabara, alikuwa ametunga sentensi thelathini za kuwapima vijana wa hapa kwetu Japani, wa miaka kumi na minane hadi ishirini na mitano. Hakutaka ile heshima ya salamu na maneno laini, maana hiyo tunayo mpaka inatutoka puani. Alitaka ile iliyochanganyika na kicho, ile inayokufanya utamani kumsogelea mtu na papo hapo urudi nyuma hatua moja. Sentensi ya nane, kwa mfano, ilisema: "Kuna mtu ambaye nikiwa mbele yake najiona mdogo, na kujiona mdogo huko kunanifurahisha." Unasoma, unazungushia duara namba moja kati ya tano. Tano ni nakubali kabisa, moja ni nakataa kabisa. Katikati kuna tatu, "siwezi kusema hivi wala vile." Hiyo tatu ndiyo ugonjwa wetu. Sisi ukituonyesha namba ya katikati tunahamia huko na mizigo yetu yote.

Kipimo hicho Mwalimu alikianza miaka thelathini na minne iliyopita. Alikuwa anastaafu mwezi wa tatu, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake wa mwisho.

Niseme wazi: nilikuwa namwogopa. Mzee mwenyewe hajawahi kumfokea mtu. Mwembamba, sweta la kijivu, sauti ya chini hadi unalazimika kuinama kumsikia. Lakini nikisikia anakuja kwenye korido ya ghorofa ya tatu, mgongo wangu unanyooka wenyewe. Nilipofeli mtihani wa kuingia shahada ya uzamili mara ya kwanza, ni yeye aliyeniandikia barua kwa mkono, kurasa nne, akinieleza nimekosea wapi na kwa nini nirudi mwakani. Kurasa nne! Kwa mtu aliyefeli! Barua hiyo naijua kwa kichwa.

Sasa sikia kilichotokea mwezi wa kumi na mbili.

Nilikuwa na mafungu mawili ya madodoso. Fungu la kwanza, vijana mia moja na sitini, tulilikusanya kwenye darasa la Mwalimu mwenyewe. Aligawa karatasi kwa mkono wake, akamshukuru kila mmoja, kisha akatembea taratibu kati ya madawati akiwa ameweka mikono nyuma. Wastani ukawa nne nukta sita. Heshima imejaa mpaka inamwagika. Fungu la pili nililikusanya peke yangu kwenye chuo kimoja ng'ambo ya mto, kwa sababu siku hiyo Mwalimu alikuwa kalala na mafua. Vijana mia moja arobaini na mmoja, umri uleule, mji uleule. Wastani ukawa tatu nukta moja. Karatasi nyingine zilikuwa tatu tupu kuanzia juu hadi chini, zimepangana kama vifungo vya shati.

Mwanzoni niliwatukana wale wa ng'ambo kimoyomoyo. Watovu wa adabu, nikasema. Halafu nikarudia kusoma fungu la kwanza, nikakuta kwenye nafasi ya maoni msichana mmoja ameandika kwa herufi ndogo sana: "Mwalimu alikuwa amesimama karibu na dawati langu. Jibu langu la nane si la kweli. Naomba radhi."

Nikaenda kwenye kabati la nyuma, ambako kumbukumbu zote za Mwalimu zimepangwa kwa mwaka, nikaanza kufungua majalada. Kila jalada, ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wake mzuri: "Madodoso yaligawiwa darasani na mtafiti mwenyewe." Mwaka baada ya mwaka. Nne nukta tano, nne nukta saba, nne nukta sita. Mzee wa watu miaka thelathini na minne amepima kitu kimoja tu: watu hufanya nini yeye akiwa amesimama pale.

Nilimwendea Nagumo. Huyu yuko mwaka wa tatu wa udaktari, ni mkubwa wangu katika chumba chetu cha utafiti, na ana maneno mengi kuliko kazi. Nilimkuta anamwaga maji moto kwenye kikombe cha tambi.

"Kaka Nagumo, hebu tazama hapa."

Akatazama. Hakushtuka. Akafunika kikombe chake, akaweka kitabu juu ya mfuniko.

"Umechelewa, mdogo wangu. Mimi niliona mwaka wa kwanza."

"Uliona? Ukanyamaza?"

"Ulitaka nifanye nini? Nimwambie Mwalimu Kuwabara kwamba kipimo chake ni picha yake mwenyewe? Wote walioona walinyamaza. Aliyenitangulia mimi alinyamaza, na aliyemtangulia yeye."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima!" Akaniangalia kama vile nimeuliza mvua inatoka wapi. "Sikiliza. Mwezi wa tatu anastaafu. Weka mstari mmoja kwenye sehemu ya mapungufu, uandike kwa mafumbo, upate shahada yako, tumuage mzee kwa maua na picha ya pamoja. Mwezi wa nne hakuna atakayekumbuka."

"Heshima gani hiyo ya kumwacha mtu apotee njia huku mnamfuata nyuma mnamsifia viatu?"

"Basi nenda kamwambie wewe, shujaa." Akatazama saa yake. "Dakika tatu zimeisha. Tambi zangu zinaharibika."

Nilikasirika kweli. Kilichonikera zaidi ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kuuandika ule mstari wake wa mafumbo kichwani.

Nikaenda ofisini kwa Mwalimu. Siku ya kwanza alinimenyea chenza, tukazungumza habari za theluji mlimani, nikatoka. Siku ya pili nilijitahidi. Nilisema, kwa kuzungukazunguka kama tunavyofanya sisi, kwamba huenda, labda, kwa kuzingatia hali ya hewa ya msimu huu, ingefaa madodoso yaliyobaki yagawiwe na mtu mwingine.

Uso wa Mwalimu ukang'aa.

"Usami," akaniita kwa jina langu la ukoo, kama kawaida yake, "unanionea huruma kwa sababu ya mafua? Nimepona kabisa. Darasa la Alhamisi nitakuja mwenyewe."

Na akaja! Akaja na kapu la machenza, moja kwa kila kijana, akayagawa kwa mikono miwili pamoja na karatasi. Kisha akaanza kutembea kati ya madawati. Mimi nimesimama ubaoni nimejikunja kama anayeumwa tumbo. Nilijua wastani kabla sijakusanya hata karatasi moja. Nne nukta nane. Machenza yaliongeza nukta mbili.

Tasnifu yangu ilitakiwa mwisho wa mwezi wa kwanza. Tarehe kumi na tano niliamka, nikashika koleo kusukuma theluji mlangoni kwetu, na nikiwa katika kazi hiyo nikajiambia: Chizuru, mtu huyu alikuandikia kurasa nne kukwambia umekosea. Wewe unashindwa kumwambia sentensi moja? Nilitupa koleo nikaenda hivyohivyo, na mabuti yangu ya kazi.

"Mwalimu, nina neno, na si zuri."

"Kaa kwanza."

"Nikikaa sitasema."

"Basi sema ukiwa umesimama."

Nikaweka karatasi mbili mezani kwake. "Hapa ulikuwepo. Hapa hukuwepo."

Akavaa miwani. Alitazama muda mrefu, bomba la joto linalia pembeni.

"Hawa wa ng'ambo, chumba chao kilikuwa na baridi?"

"Kilikuwa na joto."

"Walikuwa na haraka ya kwenda mahali?"

"Hapana, Mwalimu. Walikuwa na nafasi, walikuwa na kalamu, walikuwa na kila kitu. Ulikosekana wewe tu."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena. Nilitamani anifokee. Ningelia kidogo, tungemaliza.

"Nimesimamia wanafunzi arobaini na sita wa shahada za juu," akasema. "Hakuna aliyeliona hili?"

Nikatazama mabuti yangu yakidondosha maji sakafuni.

"Waliliona," akajijibu. "Kwa nini hawakuniambia?"

"Kwa sababu wanakuheshimu, Mwalimu."

"Au walikuwa wananiogopa tu. Au ni mazoea." Alisema bila uchungu, kama mtu anayesoma orodha. "Ajabu ni kwamba mimi, kati ya watu wote, sina njia ya kujua. Nimeishi maisha yangu yote na chombo hiki mkononi, na swali hilo moja hakiwezi kulijibu. Asante, Usami. Naomba uniache kidogo."

Nilitoka. Kwenye ngazi machozi yalinitoka bila ya kuniomba ruhusa. Nilikuwa nimemvunja mzee wangu, tena kwa majedwali mawili.

Wiki mbili ofisi yake ilikuwa imefungwa. Nagumo aliacha kunitania, na hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya. Niliandika sura nzima kuhusu lile kosa, nikaipeleka kwake kwa posta. Ilirudi siku ya nne, imepigwa penseli nyekundu: mikato, tarakimu moja niliyoikosea, na pembeni ya ukurasa wa mwisho neno moja, "Endelea." Tasnifu nikaipeleka chuoni siku ya mwisho, saa moja kabla ya dirisha la mapokezi kufungwa.

Mhadhara wake wa kuaga uliwekwa Jumamosi ya tatu ya mwezi wa pili, saa nne asubuhi. Walikuja watu themanini na mmoja. Wengine walikuwa na mvi, walipanda treni ya alfajiri kutoka Tokyo na Osaka. Wengine walikuwa na watoto mgongoni. Nagumo alisimama mlangoni akigawa ratiba, na juu ya ratiba kichwa cha mhadhara kilikuwa kimebadilishwa. Badala ya "Miaka Thelathini na Minne ya Kupima Kicho" kilisomeka "Kosa Langu."

Mwalimu akapanda jukwaani na lile sweta lake la kijivu chini ya koti. Akaeleza kila kitu, kwa sauti ileile ya chini, dakika kumi na tano tu. Akasema alichokuwa akikipima, akasema alichopima kweli, na akasema nani alikigundua. Alipotaja jina langu nilitamani sakafu inimeze. Wale wazee wenye mvi walikuwa wanatazama magoti yao. Kumbe nao walijua, wengi wao. Walijua kwa miaka ishirini, thelathini, na wamekuja leo na maua.

"Sasa nina ombi," akasema Mwalimu. "Ukiacha fungu moja la Usami, sijawahi kukusanya hata karatasi moja nikiwa sipo. Leo nitatoka. Usami atagawa. Msiandike majina, na mtu yeyote asinihurumie. Nataka kujua, na nina siku chache za kujua. Dakika ishirini."

Akashuka jukwaani. Akachukua koti lake la baridi kwenye kiti, akapita katikati ya viti bila kumtazama mtu, akatoka, akafunga mlango. Mlango wa mbao, hauna kioo.

Nilikuwa nimeshika bunda la madodoso kifuani. Nikafungua mdomo niwaeleze utaratibu.

Mama mmoja wa safu ya mbele, wa miaka kama sitini, akasimama. Akaugeukia ule mlango uliofungwa akainama, kiuno kabisa, mikono mapajani. Aliyekuwa kando yake akasimama. Kisha safu ya pili. Viti vya ukumbi ule ni vya kujikunja, mtu akisimama vinapiga kelele, na kelele zile zilienda mpaka nyuma. Wote. Nagumo naye, mlangoni kabisa, na tambi zake zote za uvivu, kainama karibu kichwa kiguse kitasa. Hakuna aliyemwangalia mwenziwe. Walikaa hivyo hadi nyayo za Mwalimu zikapotea huko koridoni, kisha wakaketi, wakatoa kalamu, mmoja akapenga kamasi.

Mimi? Mimi nilikuwa nahesabu. Ndiyo kazi niliyofundishwa. Nilihesabu themanini na mmoja, na ukimjumlisha Nagumo themanini na wawili.

Wakajaza. Nikakusanya. Mimi na Nagumo tukajifungia chumba cha utafiti tukaingiza namba kwenye kompyuta, na wastani ukatoka.

"Tatu nukta mbili," akasema Nagumo. "Jamani! Watu hawa! Wamesafiri kwa saa nne kuja kuzungushia tatu!"

"Hakuna aliyewaangalia. Wamekwenda katikati."

"Tunamwambiaje?"

"Tunamwambia."

Mwalimu alikuwa amesimama nje, chini ya paa la mlango mkubwa, amevaa kofia. Wageni walikuwa wameshaenda kula, na yeye aliahidi kuwafuata. Theluji ilikuwa inaanguka kidogokidogo. Nikampa karatasi. Akaisoma, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

"Tatu nukta mbili," akasema. "Siwezi kusema hivi wala vile." Akatabasamu, na tabasamu lile liliniuma kuliko kama angelia. "Basi, Usami. Nilitaka kujua, nimejua. Umefanya kazi safi."

"Kuna kitu kingine, Mwalimu. Hakimo kwenye karatasi."

"Kama hakimo kwenye karatasi si data."

"Sijui ni nini. Nisikilize tu." Nikamsogelea hatua moja. "Ulipotoka, ukafunga mlango, walisimama wote wakauinamia. Kabla sijagawa. Kabla sijasema neno."

Akanitazama.

"Nani aliwaambia?"

"Hakuna."

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Ulifunga mwenyewe, Mwalimu. Wasingeweza kukuona na wewe usingeweza kuwaona. Walisubiri hadi nyayo zako zisisikike tena."

Akageuza uso upande wa bustani. Akatoa leso, akafuta miwani, ila miwani haikuwa na kitu.

"Uliwahesabu?"

"Themanini na wawili, pamoja na Nagumo."

"Ukumbini mlikuwa themanini na watatu."

Uso wangu ukawaka moto. Mzee huyu! Hata siku ile, hata na macho yale mekundu, hesabu haikumpita.

"Mimi nilikuwa nahesabu," nikasema.

"Ndivyo inavyotakiwa." Akafunga kifungo cha juu cha koti. "Mtu wa kuhesabu lazima awepo. Haya, wananisubiri huko, na supu inapoa."

Nilitaka kuinama pale pale, na nikajizuia. Alikuwa mbele yangu, ananitazama. Ingekuwa adabu tu, ile ya kumjibu mtu salamu kwenye ngazi, ambayo tumeipima miaka thelathini na minne na tumeichoka. Nikabaki nimesimama wima kama mwehu, mikono imening'inia, namtazama mwalimu wangu usoni bila hata kupepesa. Kwa mpita njia ningekuwa mtovu wa adabu namba moja wa mkoa mzima wa Toyama.

Naye hakuonekana kushangaa. Akatikisa kichwa kidogo, akageuka, akashika njia ya lango.

Nilingoja atangulie hatua kumi. Kisha nikainama, kiuno kabisa. Niliinamia mgongo wa koti lile jeusi, halafu nyayo zake kwenye theluji, halafu theluji yenyewe. Ikaanza kuniingia shingoni, inayeyuka, inateremka mgongoni, na nilikuwa nalia sasa wazi wazi. Nikawa nasikiliza hatua zake zikienda polepole kuelekea kona ya maktaba.

Karibu na kona zilisimama. Zilisimama muda wa kutosha mtu kugeuka na kutazama nyuma. Sikuinua kichwa. Nilisikia viatu vyake vikisugua theluji mahali palepale, mara moja, mara mbili.

Kisha hatua zikaendelea mbele. Nagumo, aliyekuwa ameshuka na kusimama nyuma yangu, aliniambia baadaye kwamba Mwalimu alianza kugeuka mara mbili, na mara zote mbili akajizuia; hakugeuka.